Nusu Kaputi ya Pili

Mkuyuni, Mwanza
11 Februari 2024

Dada Evelina,

Shikamoo. Najua umeshaitikia kabla hujafika mstari wa pili, maana ukubwa unaupenda. Huku wazima. Mama mgongo unamsumbua lakini mdomo haujambo. Kila Jumapili anarudi kutoka kanisani Mkolani na habari za waliokuja na za wasiokuja. Mimi ndiyo usiulize. Nimehamia saluni ya kwenye kona, ile yenye kioo kirefu, na kiti changu kinazunguka. Watu wanapanga foleni. Kuna mzee anatoka Mirongo anapita vinyozi wote njiani ili anyolewe na mimi, eti wale wengine wanamchora ramani. Mimi kichwa nakisoma kama wewe ulivyokuwa unasoma vitabu.

Naandika kwa sababu simu haiwezekani. Yako ililiwa na ziwa. Ya shemeji Odoyo kila nikipiga, mama mkwe wako anataka iwekwe spika na yeye asikie. Nikisema shikamoo wanaitikia watu sita, na jirani juu yake. Kwa hiyo barua ataibeba Winnie wa mitumba, anakuja Kinesi siku za mnada. Nimeifunga kwa gundi, maana Winnie naye namjua.

Sasa jambo lenyewe. Hospitali wamempigia mama, maana namba yake ndiyo mliyoiacha mwaka jana mwanao Nathaniel aliposhonwa mdomo aliozaliwa nao umepasuka. Wanasema mdomo wa nje umepona vizuri, imebaki kaakaa, lile tundu la juu ndani ya kinywa. Kitanda kipo tarehe 8 Aprili. Atakuwa ametimiza mwaka na kitu, ndio umri wanaoutaka. Mtafikia kwa mama, mimi nitalala saluni, kiti changu kinalaza mtu vizuri.

Mwambie mwanao asiogope nusu kaputi. Mjomba wake alipigwa alipopasuliwa mguu akiwa na miaka minne, akaamka akawa kinyozi namba moja wa Mkuyuni. Hesabu tu ndizo zilibaki kulekule wodini, hazijarudi mpaka leo.

Mdogo wako mwenye kiti,
Luhende


Kinesi
3 Machi 2024

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba. Gundi yako ilibidi niikate kwa kisu, ikaondoka na neno moja. Nadhani lilikuwa sifa zako, kwa hiyo sijapoteza kitu.

Sisi tuko salama. Mvua imeanza mapema, dagaa hazikauki, zinanuka mpaka ndani ya unga. Odoyo anakwenda ziwani kama kawaida. Mama mkwe anakusalimu, anauliza yule mwenye maneno mengi ameoa au bado anajioa mwenyewe. Nathaniel ana meno manne na anatambaa kama anafukuzwa. Maziwa bado yanatokea puani. Anaita kila kitu mama. Mimi mama, mbuzi mama, jiko mama, Odoyo naye mama. Odoyo anacheka mbele za watu.

Kuhusu Aprili, tutaona. Mama mkwe ana hesabu yake. Siku moja tukila alichukua kiazi akakikata katikati. Akasema mtoto alipewa nusu kaputi ya kwanza, akarudi nusu. Akakata ile nusu. Akasema ukimpa ya pili, nusu ya nusu ni robo, na mtoto wa robo utampeleka shule gani. Nilicheka, nikaona ninacheka peke yangu. Luhende, mwaka jana baada ya kushonwa mdomo, Nathaniel alikaa siku nzima akitazama paa. Mimi niliona, yeye pia aliona.

Na kusema kweli, mbona hapa kwetu hakuna anayetamka sawa? Mama mkwe anasema "samba" na "sule" na watu wanalima na kusoma. Wewe mwenyewe mpaka leo unasema "balabala" na "kalatasi", na hakuna aliyekupasua kinywa.

Halafu, usinitanie kuhusu nusu kaputi. Tania vingine, vipo vingi.

Msalimie mama. Mwambie apake yale mafuta ya mgongo, asiyaweke kabatini kama chombo cha wageni.

Dada yako,
Evelina


Mkuyuni
24 Machi 2024

Dada,

Shikamoo, na ya mama mkwe mpe kwa lugha yake: sikamoo. Mwambie sijaoa kwa sababu wasichana wa Mkuyuni bado wanapigana.

Mama mafuta amepaka. Balabala naisema hivyo kwa makusudi, ndivyo inavyotamkwa na wanaoitumia.

Sasa sikiliza nilichokufanyia. Pale saluni nina mteja anaitwa Yeremia. Kazi yake ni kuwalaza watu kabla ya upasuaji, mtaalamu wa dawa za usingizi. Huwa mkimya, anakuja Jumamosi, ananyoa, anaondoka. Lakini mtu akishafungwa kitambaa shingoni na mashine iko kichwani kwake, ataenda wapi?

Nikamwambia, "Mzee, nusu kaputi inapunguza akili ya mtoto?"

"Nani kasema?"

"Mama mkwe wa dada yangu. Ana hesabu."

Nikamweleza ya kiazi. Alicheka mpaka nikaondoa mashine, nisije nikamwachia njia ya ng'ombe katikati ya kichwa. Akasema, "Hiyo nusu ni neno tu la wazee. Waliona mtu yupo na hayupo, wakaita hivyo. Dawa ikiisha mwilini mtu anarudi mwenyewe, harudi nusu."

Akasema watafiti huko nchi za mbali walichukua watoto wachanga waliolazwa kwa dawa mara moja, muda mfupi, wakangoja mpaka wakafika umri wa shule. Wakawapima na wenzao ambao hawakuguswa. Akili zilikuwa sawa. Umeona? Watu wazima wamengoja miaka yote hiyo kwa ajili ya kumjibu mama mkwe wako.

Alisema na mengine ya kitaalamu, marefu, nikaona nisikuchoshe.

Tarehe 8 tutakuwa kwenye geti la hospitali, mimi na mama. Mimi nitavaa shati la bluu, usije ukanipita ukidhani ni daktari.

Luhende


Mkuyuni
10 Aprili 2024

Dada Evelina,

Shikamoo.

Jumatatu tulikaa getini mpaka walinzi wakabadilishana zamu. Mama alikuwa amebeba uji wa Nathaniel kwenye chupa. Tulimpa mtoto mwingine usipoe bure. Kitanda nacho amepewa mtoto mwingine, sio huyo wa uji.

Kwenye simu ya shemeji nilisikia kuku tu.

Mama anasema nisikuandikie kwa hasira, kwa hiyo naishia hapa.

Luhende


Kinesi
5 Mei 2024

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeisoma barua yako fupi mara nyingi kuliko zile ndefu. Mwambie mama anisamehe kwa ule uji. Sisi huku wazima. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Odoyo alitaka tuje, alikuwa ameshatafuta nauli. Usimlaumu yeye.

Barua yako ya Machi ilisema "mara moja". Wewe ni mtu wa mara mia. Mvua ikinyesha kwako ni gharika, mteja mmoja kwako ni foleni. Ukisema mara moja, tena muda mfupi, najua hayo sio maneno yako, na kuna mtu ameyapima. Nikajiuliza, je, mara mbili?

Nikaenda zahanati kwa nesi Rose, anayempima Nathaniel uzito. Hakunificha. Akasema mara moja haina wasiwasi mkubwa, ila kwa mtoto chini ya miaka mitatu, mara kwa mara au masaa mengi, kuna onyo limetolewa. Akasema tena, "Lakini usiache, mama Nathaniel, hii ni lazima." Hilo la mwisho nililisikia nikiwa nimeshatoka mlangoni.

Ulinipa nusu, Luhende. Mama mkwe anagawa viazi, wewe unagawa maneno.

Najua unaniona msomi ninayeamini mambo ya kijijini. Siamini robo. Ila nilikuwepo ulipoamka. Hilo hulijui, na sitaki kusema zaidi.

Nathaniel amesimama kwa kushika ndoo.

Evelina


Mkuyuni
26 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Mama mgongo umepoa. Kiti changu kimevunjika, hakizunguki tena, wateja wanazunguka wenyewe. Nakupa hiyo mbaya kwanza ujue leo sifichi.

Umenikamata. Yeremia alisema na nusu nyingine na mimi nikaiacha sakafuni pamoja na nywele zake. Nilitaka uje. Baada ya barua yako nikamrudisha kitini, nikamwambia aseme yote polepole. Niliandika kwenye boksi la mashine. Hii hapa, haijanyolewa hata pembeni.

Mara moja, muda mfupi: ni kama nilivyokuandikia. Mara mbili, tatu, au masaa mengi mfululizo, kwa mtoto mdogo: hapo wataalamu wenyewe wanakuna vichwa. Panya na nyani wachanga waliopewa dawa kwa muda mrefu walikuja kuwa wazito wa kujifunza na kukumbuka. Kwa watoto, wengine waliopewa mara nyingi walionekana na udhaifu kidogo shuleni, wa kusoma au wa kutulia. Uchunguzi mwingine haukuona kitu. Na mtoto anayepasuliwa mara nyingi ni mtoto aliyeumwa sana, amelala wodini, amekosa shule, kwa hiyo huwezi kunyoosha kidole ukasema ni dawa peke yake.

Nikamwambia, "Mzee, kwa hiyo unajua au hujui?"

"Sijui. Na mwenzangu akikwambia anajua, muulize amejulia wapi."

"Angekuwa wa kwako?"

Nilizima mashine. Akasema, "Ingekuwa upasuaji wa kungoja bila hasara, ningengoja akue. Kaakaa lina hasara. Mtoto wa umri huo akili yake inajifunza kusema sasa hivi. Sauti inatafuta njia. Ikikosa mdomoni inapita puani, ikishazoea puani kuirudisha ni kazi ya miaka. Na masikio yao yanajaa majimaji, hasikii vizuri anachofundishwa. Dada yako anaogopa dawa itagusa kujifunza kwake. Labda itagusa kidogo, labda haitagusa. Lile tundu linagusa kila siku, na hilo halina labda."

Akasema pia kazi yenyewe kwa kawaida haifiki hata masaa mawili, na muda wote mtu kama yeye anakaa pale kichwani kwa mtoto, haondoki. Nikamwambia kumbe na wewe ni kinyozi.

Hiyo ndiyo nzima. Sasa na mimi nadai nzima yako.

"Nilikuwepo ulipoamka." Nilimuuliza mama. Alikuwa anachambua mchele, akaacha. Akasema kabla ya ule mguu nilikuwa najua nyimbo zote za kwaya, na ng'ombe wa babu Machibya nawataja kwa majina mpaka ndama. Baada ya mguu, akasema, nilikuwa mzito. Halafu akasema, "Ila ulikaa na plasta miezi ukitazama ukuta. Na shule ilipoanza ulikaa dirishani ukitazama nje." Kwa hiyo mama hajui. Nikamuuliza Yeremia, nikijifanya namuulizia rafiki. Akasema kwa mara moja, mguu mmoja, hadhani, lakini kusema kwa uhakika kuhusu mtu mmoja hawezi yeye wala mwingine. Akaniangalia kwenye kioo. Akasema, "Huyo rafiki yako ananyoa vizuri."

Dada, mimi miaka yote nikipata sifuri nilisema ni nusu kaputi. Darasa linacheka, mwalimu Luhaga anacheka, fimbo zinapungua. Sikujua kama kuna mtu mmoja nyumbani hacheki. Ulikuwa unanifanyia zile hesabu zangu bila kusema neno, mimi nikadhani unapenda hesabu.

Sema tu. Unaogopa Nathaniel atakuwa kama mimi.

Siku ya kwanza nilipolielewa hilo sikufungua saluni. Siku ya pili nilifungua, nikamnyoa mtu upande mmoja nikasahau wa pili. Halafu nikaanza kufikiri. Haya, na awe. Huyo unayemwogopa anajua vichwa vya Mkuyuni yote, ana kiti kibovu na wateja hawajamkimbia, na ndiye aliyekuandikia kurasa hizi tatu, na wewe uliyemaliza kidato cha nne umezisoma mpaka hapa. Lakini mimi nikitania watu wanacheka kwa sababu wananielewa nilichosema. Ungeninyima hilo, ningebaki na nini?

Kitanda kipo tena, tarehe 8 Julai. Nesi wa hospitali ameniambia hatakishikilia zaidi ya hapo.

Luhende


Kinesi
16 Juni 2024

Mdogo wangu Luhende,

Marahaba. Pole na kiti.

Mama mkwe nilimsomea barua yako yote, bila spika. Alisikiliza mpaka kwenye panya, akaniambia nirudie pale daktari aliposema hajui. Nikarudia. Akauliza, "Kasema hivyo kwa mdomo wake?" Nikasema ndiyo. Akaendelea kupepeta. Baadaye akasema, "Anayesema hajui atakuwa makini. Huyo anaweza kumsika mtoto." Tunakuja.

Na nzima yangu ni hii. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Mama alikwenda kutafuta maji ya moto, nikaachwa kitandani kwako. Ukafungua macho. Nikakuita. Ukanitazama, ukasema, "Wewe nani?" Nikakwambia. Ukauliza tena. Nikakwambia mimi ni Evelina, dada yako, ninayekubeba. Ukageuza uso, ukalia kama mtoto aliyeachwa kwa watu asiowajua. Jua lilihama dirisha zima hujanijua. Halafu ukalala, ukaamka, ukasema, "Dada, nataka matobolwa."

Nyumbani kila mtu anaijua ya matobolwa. Mama anaisimulia kila Krismasi, mtoto katoka kupasuliwa anadai viazi vikavu vya kuchemsha. Ile ya kabla yake hakuna anayeijua. Sikumwambia mama kwa sababu nilidhani nimefanya kosa fulani, labda nilikuita vibaya. Na kila ulipofeli nilisema, kuna kipande chake kilibaki kwenye ile saa, na mimi ndiye niliyekuwepo na sikukiokota.

Sikuogopa awe kama wewe. Wewe ningekuzaa mara mbili. Niliogopa Nathaniel anitazame vile.

Kwa hiyo siku hiyo akiamka, kaa wewe. Mimi siwezi.

Evelina


Mkuyuni
18 Agosti 2024

Dada,

Shikamoo, na sikamoo kwa mama mkwe. Tangu mmeondoka nyumba imekuwa kimya, mama anapika uji mwingi kwa mazoea, mimi ndiye naumaliza. Kiti kimepata springi mpya, sasa kinazunguka mpaka mteja anatubu.

Kuna kitu sikukuambia mlipokuwa hapa. Pale ulipokuwa umesimama nje na kitenge kichwani, mimi niko ndani, Nathaniel alifungua macho. Nikamwambia, mjomba huyu. Alinitazama kama mteja niliyemharibu nywele. Hakunijua, dada. Akaanza kulia kilio ambacho sio chake, anasukuma, anatazama pembeni yangu kama mimi ni ukuta. Mimi ninayenyoa wavuta bangi wenye visu mfukoni, nilitazama mlango. Nikakuelewa hapohapo. Miaka kumi na miwili, peke yako, na hukukimbia.

Yeremia alikuwa bado yupo. Akasema, "Wengi wanaamka hivyo. Ni dawa inaondoka, mtoto anarudi vipandevipande. Inapita. Endelea kuongea." Nikaongea. Unajua nikiambiwa niongee. Nilimsimulia bei za vinyozi wote wa Mkuyuni. Sijui ilichukua muda gani. Halafu akanyoosha mkono akanishika sikio, akalivuta vile anavyolivuta. Nikatoka nikakwambia amekuulizia wewe. Nilidanganya kidogo. Alinijua mimi kwanza.

Kwa hiyo hukuniita vibaya. Ile ni dawa ilikuwa inaondoka. Yeremia anasema hiyo ya kuamka ni kitu kimoja, na kujifunza kwa miaka ni kitu kingine, tusivichanganye. Kipande chochote ulichodhani kilibaki pale hukukiangusha wewe.

Sasa kazi. Yule dada wa mazoezi ya kusema alisema Nathaniel afundishwe sauti za kupasua, pa, ta, ka, maana tundu lilikuwa linazivujisha puani. Mimi nimetafuta neno moja lenye zote tatu. Kapeti nikalikataa, tangu lini mtoto akafukuza kapeti. Winnie anakuletea jogoo, yuko kwenye kapu, ameshamdonoa kondakta. Jina lake ni Kaputi. Mwiteni hivyohivyo kila siku, na mama mkwe pia. Asimchinje mpaka mtoto amwite.

Luhende


Kinesi
23 Februari 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama apokee salamu, na haya matobolwa nimemchemshia na kumkaushia mwenyewe. Odoyo amepata nyavu mpya. Nesi Rose anasema Nathaniel anakua vizuri, ataendelea kumwangalia anavyojifunza mpaka aende shule. Nilimuuliza atakuwa wa ngapi darasani. Akasema hilo hata la mtoto wake halijui.

Jogoo wako ni jeuri, amefanana na aliyemtuma. Anakunya kwenye dagaa. Mama mkwe amenoa kisu mara kadhaa, namkumbusha masharti.

Miezi yote hii Nathaniel amekuwa akimwita "Ng'amuni", sauti bado inapita puani. Ng'amuni njoo, Ng'amuni huyo. Kila asubuhi tunakaa mlangoni namziba pua kidogo kama nilivyofundishwa, napuliza naye kijinyoya kwa mdomo. Pa. Ta. Ka. Kuna wiki nilikata tamaa nikasema basi, Ng'amuni ni jina zuri.

Jana mama mkwe alikuwa jikoni anapakua viazi, mimi naosha vyombo. Jogoo akaingia ndani akapanda kwenye gunia la unga. Nathaniel akamwona. Akasimama, akakunja uso kama Odoyo akikasirika, akasema, "Kaputi, toka."

Niliacha sahani majini. Mama mkwe naye aliacha kupakua. Tukangoja. Jogoo hakutoka. Nathaniel akaokota kijiko, akamrushia, akasema tena, kwa sauti, moja moja, kama anayemfundisha kiziwi.

"Ka-pu-ti."

Mama mkwe akamtazama mtoto, akatazama sufuria. Akachagua kiazi kikubwa. Kisu kilikuwa palepale mkononi kwake. Akakiweka chini, akampa kiazi kizima.

Evelina